Kabati la Mwanasiti

Asmahani alipoolewa na Mwinyijuma na kuletwa Makorora, alimkuta nyumbani mama mmoja ambaye hakuwa mkwewe wala shangazi wa mumewe. Bi Mwanamkasi alikuwa mama wa Mwanasiti, mke wa kwanza, aliyekufa kwa homa mwaka uliotangulia. Macho yalikwishampotea zamani, mwana mwingine hana, na Mwinyijuma alikataa katakata kumwacha aondoke.

Walipatana vizuri. Kilichomkera Asmahani ni kabati la jikoni. Mbao zilikuwa nyeusi tii kwa moshi, wavu wa milango umeliwa na kutu, na ubavuni pana ufa wa kuingia kidole.

"Tununue jingine," alimwambia mumewe.

"Mvule ule, Asmahani. Hupati tena wa namna ile. Litengeneze tu."

Akamletea msasa, wavu mpya na mkebe wa rangi ya mafuta. Bi Mwanamkasi alikuwa amekwenda msibani Tongoni, basi Asmahani akapata nafasi. Alilikosha kabati kwa maji ya jivu, akakwangua masizi, akapiga msasa mpaka viganja vikamwaka moto. Ufa akauziba kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, kisha akapaka rangi. Ilipokauka alisimama mlangoni akilitazama, na kwa mara ya kwanza akaona jiko lile ni lake.

Bi Mwanamkasi akarudi. Asubuhi akaenda kuchukua kikombe chake, akiufuata ukuta kwa mkono kama ada yake. Mkono ukagusa kabati, ukasita.

"Asmahani! Kabati mmelipeleka wapi?"

"Ndilo hilo, mama. Nimelipaka rangi."

Akapapasa mlango, akapapasa ubavu, juu, chini, tena juu.

"Palikuwa na ufa hapa."

"Nimeuziba, mama."

Bi Mwanamkasi akaushusha mkono. "Siku ile homa ilipompanda, mwanangu alikuja hapa kunipashia uji. Miguu ikamwisha nguvu, akaliangukia kabati, ubao ukapasuka. Hakuinuka tena. Mimi kila asubuhi nikija hutia kidole pale, nikamwombea."

Asmahani alirukia kisu, akaanza kuchokoa. Gundi ilikwisha kuwa jiwe.

"Acha, mwanangu," Bi Mwanamkasi akasema. "Utajiumiza bure. Hukujua."

Hakumlaumu, wala hakumsema kwa majirani. Lakini jikoni hakuingia tena. Chai akipelekewa barazani, aliinywa nusu. Mwishowe akaomba apelekwe kwa kaka yake, Tongoni. Mwinyijuma alimsihi, akajibu kuwa hana ugomvi na mtu. Asmahani ndiye aliyemfungia kanga zake, machozi yakimdondokea juu ya furushi.

Baada ya Idi alimfuata, na kikapu cha visheti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa." Bi Mwanamkasi akamsogezea jamvi, wakaletewa chai. "Hebu niambie, ulilipaka rangi gani?"

"Kijani, mama."

"Mwanasiti angetaka nyeupe." Akafikiri. "Lakini kijani nayo nzuri. Masizi hayaonekani upesi."

"Turudi nyumbani, mama."

"Hapana. Nimeshazoea hapa."

Asmahani akainamisha kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Bi Mwanamkasi aliisikia ile pumzi yake, akanyoosha mkono mpaka akalipata goti lake, akauacha hapo.

"Kunywa chai," akasema. "Inapoa."