Boahen wa Kioo cha Nyuma

Mume wangu Boahen alikaa kwenye kioo cha nyuma cha teksi yake mwaka mzima na zaidi baada ya kufa, nami sikuona sababu ya kumshusha.

Kwetu Mampong mtu akifa picha yake hubandikwa kwenye magari ya ukoo, na msiba ukiisha hubanduliwa. Ya Boahen ilikatwa kufuata kichwa na mabega yake, na ile kofia ya pama iliyolala upande. Juu yake maneno mekundu: MSHTUKO ULIOJE! Mshtuko gani? Aliugua miaka miwili, na mji mzima ulikuwa umekwisha kuja kumuaga. Aliyeshtuka ni mimi peke yangu. Mdogo wake, Gyamfi, alishika usukani, akawa anapakia abiria huku kaka yake akitazama tunaobaki nyuma barabarani. Jioni gari lilipokuwa likirudi kinyumenyume uani, nilimwona Boahen kabla sijamwona Gyamfi. Nilipenda iwe hivyo.

Mwaka ulipotimia nilivua nguo nyeusi, nikavaa nyeupe. Picha sikuigusa.

Kisha binti yetu Akyaa akachumbiwa. Siku wakwe walipokuja kubisha hodi walileta vinywaji vyao kama ilivyo ada, na kati yake ilikuwamo chupa ya kijani ya shnapsi, pombe kali, ambayo ni haki ya baba wa msichana. Gyamfi alinyoosha mkono aipokee kwa niaba ya kaka yake. Nikaiwahi, nikaifungia kabatini pamoja na nguo za Boahen. Tangu siku hiyo shemeji yangu hakupita mlangoni bila kuniuliza hali ya chupa, kana kwamba ni mgonjwa.

Ndoa ilikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana akaja Agyeiwaa, shangazi wa bwana harusi, kukagua maandalizi. Alilizunguka gari, likiwa limeoshwa na kufungwa riboni, akafika nyuma, akasimama.

"Dada Dufie, na huyu anakwenda harusini?"

"Ndiye baba wa bibi harusi."

"Pole, mwenzangu. Lakini mke wetu hapandi gari lenye marehemu mgongoni. Tutaleta letu."

Akyaa alikuwa mlangoni, nywele zimesukwa nusu. "Shangazi, mimi sipandi gari lingine. Baba aliniahidi atanipeleka kwa hili. Lenu mpande wenyewe."

"Hee! Mdomo huo utakwenda nao kwa mumeo?" Agyeiwaa akanigeukia. "Basi mtoeni kiooni. Kesho nikimkuta hapo, binti yako anapanda langu, apende asipende."

Nilijua mwanangu. Angevua shela akalala. Ndoa ingevunjikia pale uani, mbele ya masufuria.

Karatasi haikusumbua. Jua lilikuwa limeikausha, ikatoka vipande vipande: kofia, paji la uso, na ilipofika midomo nikafumba macho. Gundi ndiyo ilibaki. Na wiki ile hamatani ilikuwa imetushukia, upepo ule wa vumbi unaotoka jangwani, vilima havionekani, jua jeupe hata unaweza kulitazama. Vumbi likatua kwenye gundi. Nilipogeuka kuchukua ndoo na kurudi, Boahen alikuwa amerejea, safari hii wa vumbi, hana macho wala mikunjo, kofia imelala upande vilevile.

"Maji ya moto na sabuni, shemeji," Gyamfi akasema kutoka kwenye benchi.

Nikasugua. Akalowa, akakauka, akarudi.

"Mafuta ya taa."

Akanuka taa, akarudi.

"Basi mafuta ya karanga, uyaache yaingie."

"Na wewe uondoke kwenye benchi uingie kazini! Kazi yako midomo tu?"

Akaenda, akarudi na wembe mpya. "Huu haushindwi na kitu."

Nikauweka kiooni, chini ya kidevu cha Boahen. Mkono ukagoma. Miezi yake ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikimnyoa, kwa wembe kama huohuo, ngozi yake imekuwa laini kama ya mtoto, na sikumkata hata mara moja. Nikamrudishia Gyamfi wembe wake.

"Mnyoe wewe."

Aliinama, akatazama lile vumbi, akautia wembe mfukoni. "Ah. Kaka ni kaka," akasema, akarudi kwenye benchi lake.

Nikaingia kiti cha nyuma kupumzisha mgongo. Ukimtazama kwa ndani, mwanga ulimpita, gundi ikawa na rangi ya asali. Uani watu walikuwa wakitwanga fufu, mchi ukipanda na kushuka, na kila uliposhuka sauti yake ilikuwa mbali zaidi. Gari likaanza kwenda. Hapakuwa na dereva wala barabara, vumbi jeupe tu linafunguka na kufunga. Boahen alikuwa kando yangu, kofia magotini, ametulia kama mtu aliyetangulia kulipa nauli.

"Unashuka wapi?" nikamuuliza.

"Siondoki hivi hivi, Dufie."

Alisema kwa ile sauti yake ya ugenini. Boahen hakuwahi kuaga nyumba ya mtu kabla hajapewa kitu cha kunywa. Wakimsahau, angekaa kuzungumzia mvua mpaka wenyeji wasinzie.

Niliamka nikiwa nimeshakanyaga nje. Nilikwenda kabatini moja kwa moja, nikarudi na chupa, nikaing'oa kizibo.

Gyamfi aliruka. "Shemeji! Hiyo si ya kuoshea gari! Umeingiwa na nini?"

"Ni ya nani?"

"Ya baba wa msichana."

"Na baba wa msichana yuko wapi?"

Akatazama kioo. Akanitazama mimi. Kisha akavua ndala zake, akasimama peku juu ya udongo, kama wanaume wetu wafanyavyo wazee walioondoka wanapomwagiwa kinywaji. Kwa kawaida angemwaga yeye, mimi ni mwanamke. Hakuniomba chupa.

Nikamimina kidogo chini. "Boahen, wamekuja kumchukua Akyaa. Kijana ana kazi, na anamsikiliza. Hiki ndicho kinywaji chako, nilikificha, na wewe unajua nilimficha nani." Gyamfi akakohoa. "Nilijua ukinywa utaondoka. Kunywa sasa. Kunywa, baba, njia ni ndefu."

"Na iwe hivyo," Gyamfi akaitikia.

Nikalowesha kitambaa kwa kilichobaki chupani, nikakilaza juu ya kofia. Sikusugua. Nilikishikilia tu, kama unavyomkanda mtu mwenye homa. Nilipokiondoa gundi ilikuwa imelegea, ikawa inavutika chini ya kidole kama mlenda wa bamia. Kofia ikaondoka. Bega moja, jingine. Akyaa alikuja na nywele zake nusu, akachukua pembe ya kitambaa, hakuniuliza. Uso tuliuacha mwisho. Nilipofuta kidevu kwa kidole gumba nililia kwa sauti, majirani wakasikia, wakasikia vizuri.

Kile kitambaa sikuweza kukitupa. Nilikikunja, nikakiweka nyuma ya kiti, chini ya kioo.

Asubuhi vumbi lilikuwa limetanda kioo kizima, sawasawa, pembe hadi pembe. Nilimtafuta. Nilisogea mpaka pumzi yangu ikagusa kioo, nikamtafuta tena. Hakuwemo.

Agyeiwaa alifika na kitenge chake kinachochakacha. Akapitisha kidole kiooni, akakitazama, akaridhika, akajibana nasi kiti cha nyuma, bibi harusi katikati. Gyamfi akatia gia. Hatukuwa tumefika hata njia panda Agyeiwaa alipoanza kunusa. Alinusa upande wangu, akainama mbele akamnusa dereva, akaketi wima.

"Jamani! Nani amekunywa asubuhi yote hii?"

"Baba," tukajibu, mimi na Akyaa kwa pamoja.