Nyuso za Kuazima

Mama Injinia alikuwa anapiga pasi kola ya shati la mumewe wakati binti yake aliporudi kutoka shuleni. Msichana alivua viatu, akavipanga kando ya mlango, ncha zikitazama ukuta, akaingia chumbani. Huko akauvua uso wa kiranja wa darasa lao na kuutundika kwenye msumari anaotundikia sare. Kisha akaenda kunawa mikono.

"Wa kiranja tena?" mama yake aliuliza, macho kwenye kola.

"Leo tulikuwa na kazi za vikundi."

"Haya. Ila usiuache umekunjamana hivyo. Kesho asubuhi utahangaika nao."

Mambo haya yalianza akiwa chekechea. Wenzake wakicheka, yeye alichelewa. Wakishanyamaza, ndipo yeye anaanza. Mwalimu alimwambia awe anawaangalia wenzake wanavyofanya. Akawaangalia. Haikupita wiki akarudi nyumbani na uso wa mtoto wa jirani, vishimo vya mashavuni na kila kitu. Mama yake alimshika mkono wakaenda kuurudisha na kuomba radhi, wakamkuta mtoto wa jirani amekaa kibarazani anatafuna mkate, na uso wake uko pale pale. Jirani akasema hakuna kilichopungua, ni kama mtu kuja kuomba kaa la moto jikoni kwako, wako unabaki unawaka.

"Tena kapendeza," akasema. "Mwache nao."

Akaachiwa. Mama Injinia alikuwa mpiga pasi katika hoteli, kwenye chumba cha chini wanakofulia mashuka na mashati ya wageni, kwa hiyo vitu laini alivijua. Nyuso alizifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, akazianika kivulini, maana juani mashavu yalitangulia kupauka. Pasi hakuzigusisha. Msichana naye, akishauvua uso wa siku hiyo, alijilaza chini ya kitanda, viganja masikioni, mpaka chakula kiive. Mama yake alifagia akikwepa miguu yake.

Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyempa msichana jina la Hanatabu. Alisema angalau katika nyumba hii kuna mtoto mmoja ambaye hana tabu.

Mwenye tabu alikuwa kaka mtu. Huyo hakusema neno mpaka alipofikia umri wa kwenda shule, na neno lake la kwanza lilikuwa "kapasita", kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa majokofu na vipuri vilitapakaa sebuleni. Ndiyo maana wakamwita Injinia. Alifungua kila kilichokuwa na skrubu. Mtu akimgusa bila kumwambia alipiga kelele. Sokoni aligonga kichwa ukutani hadi damu ikatoka. Yeye alionekana, tena kutoka mbali. Na kwa kuwa alionekana, watu walitaka kujua nani kamfanya hivyo.

Siku za Jumapili mchana ndugu walikaa sebuleni wakatafuta sababu. Shangazi alisema ni ule mvuke wa pasi, mwanamke kasimama nao tumboni miezi yote ya ujauzito, mtoto kaiva kabla ya wakati wake. Bibi mzaa baba alisema tatizo ni kulala chali. Baba mdogo alisema ni sindano za utotoni, kaona kwenye simu. Jirani, ambaye alikuja kuazima ungo tu, alisema ni televisheni, lakini kwa unyenyekevu, kwa kuwa yeye si wa ukoo.

"Au hukuwa unamtazama machoni wakati unamnyonyesha," shangazi aliongeza. "Wifi, hebu sema kweli. Ulikuwa unamtazama?"

"Nadhani nilikuwa namtazama."

"Unadhani."

Mama Injinia akaongeza chai kwenye vikombe. Mumewe alikuwa ameinamia jokofu la mteja, anasikiliza mtambo wake kwa umakini ambao hata jokofu bovu halihitaji.

Walimpeleka Injinia hospitali, kliniki ya watoto. Hanatabu alikwenda nao kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya taratibu na kiti kinacholia. Alimtazama kijana akiifungua bawaba ya dirisha, akauliza hili na lile, halafu akasema hali hiyo inaitwa usonji, na kwamba hakuna aliyemsababishia. Si pasi. Si kulala chali. Sindano zilichunguzwa miaka mingi na hazihusiki kabisa. Kwa sehemu kubwa mtoto huzaliwa nayo, kutokana na chembe za urithi, na hizo hutoka pande zote mbili.

"Kuna mambo mengine yanayoongeza uwezekano kidogo," akasema. "Mtoto kuzaliwa njiti, kwa mfano. Au umri wa wazazi. Baba akiwa umri umeshakwenda kidogo, nayo imo."

Baba, aliyeoa akiwa na mvi tayari, alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati.

"Na kwa nini ni wavulana zaidi?" mama aliuliza.

"Hatujui vizuri. Wengine wanasema wasichana wana kinga fulani ya kimaumbile. Wengine wanasema wapo, ila hatuwaoni." Daktari alitabasamu kuelekea kwenye benchi, ambako Hanatabu alikuwa ametulia na uso wa muuguzi wa mapokezi, aliouchukua pale ukumbini wakati wanasubiri. Ulikuwa uso mzuri, wenye kukaribisha watu. "Huyu, kwa mfano, yuko sawa kabisa."

"Daktari, huo uso si wake," mama akasema.

"Nimeona. Ni wa dada wa pale nje." Akainama kidogo. "Hebu vua, mama."

Hanatabu akauvua. Chini yake kulikuwa na wa kiranja. Akauvua na huo, chini yake kukawa na wa binamu yake, ule wa kuendea harusini, halafu wa mtoto wa jirani wenye vishimo. Daktari alizipokea mmoja mmoja na kuziweka mezani, juu ya karatasi, asizichafue. Nje mtoto mwingine alianza kulia na muuguzi akachungulia mlangoni kuuliza kama aingize wengine.

"Zimebaki nyingi?" daktari akauliza.

"Mmoja," msichana akasema.

Akauvua. Uso wake mwenyewe ulikuwa mdogo. Ulikuwa umebaki vile vile kama alipokuwa chekechea, meno ya utoto, kovu la tetekuwanga bado jekundu, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimekua ulifunika sehemu ya katikati tu. Ulimtazama daktari kisha ukatazama kiti kinacholia, ukabaki hapo.

"Haukupata hewa," daktari akasema. Akachukua maswali yake, akamuuliza yote, lakini msichana alikuwa ameshajifunza majibu kwa kusikiliza ya kaka yake, na pale palipotakiwa kuangalia mtu machoni aliomba kwanza avae uso wa muuguzi. Jumla ya alama haikufika kiwango. "Maswali haya yalitungwa kwa kuwatazama wavulana," daktari akasema, na alionekana kusikitika kweli. "Ninayo haya tu. Kungekuwa na mwanamke mwingine katika ukoo mwenye hali kama hii, ningepata pa kuanzia. Yupo?"

"Kwetu hakuna," baba akasema.

"Hata kwetu," mama akasema.

Jioni ile shangazi alipiga simu kujua daktari kasema nini. Baba alitoka nayo uani. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini kuta zilikuwa nyembamba.

"Wamesema ni mambo ya uzazi," alisema.

Shangazi akajibu kwamba alijua.

Injinia alipata nafasi katika kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, ambako kulikuwa na mwalimu aliyemletea redio mbovu. Hanatabu aliendelea na shule na nyuso. Kadiri alivyokua ndivyo zilivyohitajika nyingi: wa kuongea na walimu, wa kuchekea wavulana, wa kukaa na wasichana wenye siri, maana wenye siri hubadilika kila baada ya muda mfupi na ukichelewa wanakugundua. Mama yake aliongeza kamba ya kuanikia. Msichana alipovunja ungo, nyuso zikaanza kutoshika. Mdomo ulishuka katikati ya kipindi darasani, jicho likateleza. Siku moja msichana hakuamka. Si kwamba alikuwa anaumwa, alisema. Hakupata tu uso wa kuvaa. Alilala akiukabili ukuta, na ule uso mdogo mahali pake, kama kifungo cha shati la mtoto kwenye koti la mtu mzima.

Mwalimu mkuu alisema ni kiburi. Baba alisema ni umri. Shangazi alisema mama kamdekeza.

Siku hizo hizo, kazini, Mama Injinia alikuwa ameinamia shuka la kitanda kikubwa, pasi ikatoa mvuke mwingi kuliko kawaida, akasikia kitu kimebanduka karibu na sikio lake la kushoto. Alikwenda kwenye kioo cha chumba cha kubadilishia nguo. Palikuwa na ukingo, mwembamba, unaoshuka kutoka sikioni hadi kidevuni. Alipouinua kidogo kwa ukucha alikumbuka. Alikuwa na dada, mkubwa wake, mchangamfu, aliyefariki kabla ya kuolewa. Mama yao alikuwa akimwambia kila wageni wanapopiga hodi, kaa kama dada yako, cheka kama dada yako. Kumbe alitii. Dada alipozikwa, yeye alibaki na uso wake, na baadaye akaolewa nao.

Hakuangalia kilichokuwa chini. Alilowesha kidole, akaubandika tena ukingo ule, akarudi kumalizia shuka, maana lilikuwa linasubiriwa ghorofani.

Lakini alimkumbuka daktari. Aliomba ruhusa kazini, akampeleka Hanatabu kliniki, amemfunika mtandio mpaka puani.

"Uliuliza kama yuko mwanamke mwingine," alimwambia daktari. "Yupo. Ni mimi."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "wewe umeolewa. Una kazi. Unanitazama machoni."

"Macho ni ya dada yangu."

"Naamini. Hata hivyo."

"Nibandue uone?"

"Hapana, usijisumbue. Kipimo cha watu wazima hatuna hapa." Aliandika kitu kisha akakikata. "Na ukibandua, utarudije nyumbani?"

Mama Injinia aliurekebisha mtandio wa binti yake. Daktari aliwaandikia vitamini. Aliwasindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwa akimfanyia kila mtu.

Njiani Hanatabu alisimama. Watu walikuwa wengi, mitandio hupepea, na mtoto mmoja alishamnyooshea kidole.

"Mama, siwezi kupita hapa hivi hivi."

Mama yake akamtazama. Alifikiria nyuso zote alizozifua na kuzianika, na ni upi kati ya hizo uliodumu.

"Chukua wangu," akasema. "Huu unakubalika kila mahali. Na haubanduki ovyo, mimi nimekaa nao maisha yangu yote."

Wakasimama kando ya ukuta wa duka la rangi, wakaelekeana. Msichana akamwangalia mama yake vizuri, kama alivyofundishwa chekechea, akauchukua, na wa mama ukabaki pale pale. Mikunjo ya paji ilimkaa sawasawa. Hata uchovu wa chini ya macho ulienea.

Uso huo ulishika. Msichana aliweza kuamka, kwenda dukani, kuitikia salamu. Shuleni hawakumpokea nao, walisema wanafunzi ni watoto, kwa hiyo akabaki nyumbani akipika na kufua. Baba, akirudi, alimwomba maji yeyote aliyekuwa karibu. Injinia peke yake hakuwachanganya kamwe. Yeye aliwatambua kwa nyayo zao, na uso wa mtu hakuwa na habari nao tangu azaliwe.

Jioni moja Mama Injinia alirudi kutoka hotelini akakuta viatu vya shangazi mlangoni. Dirisha lilikuwa wazi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi na kikombe cha chai, na mbele yake, mikono mapajani, alikaa Hanatabu.

"Sisemi kwa ubaya, wifi," shangazi alikuwa anasema. "Nasema kwa sababu nakupenda. Mama mwenye moyo mkavu, mtoto anakauka tangu tumboni. Watu wote wanalijua hilo. Kaka yangu ni mpole, hawezi kukwambia. Ni wewe, wifi. Ukubali tu, moyo utakuwa mwepesi."

"Ndiyo, wifi," Hanatabu akasema.

"Unakubali?"

"Nakubali."

Shangazi akashusha pumzi, akampigapiga goti. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo kumshika wifi yake kwa upendo.

Mama Injinia hakuingia. Angeingia, shangazi angelazimika kuanza upya. Alisimama upande wa tangi la maji na mkoba wake mpaka mgeni alipoaga, akavaa viatu, akapita karibu yake bila kugeuka. Hapo ndipo alipoingia ndani. Hanatabu alikuwa anaosha kikombe.

"Leo kasema nini?"

"Kwamba una moyo mkavu. Halafu na maziwa."

"Maziwa gani?"

"Yako. Yalikuwa machache."

"Hilo la maziwa ni jipya," mama akasema.

Akavua mtandio, akachukua kisu, wakaanza kumenya viazi, bega kwa bega, mbele ya dirisha la jikoni. Nje jirani alikuwa anapita na ndoo.

"Mama Injinia, za jioni?" akaita.

"Nzuri," mmoja wao akajibu.

Jirani akaridhika, akaenda zake.