Pumba za Mama Sabra

Nimebeba mizigo ya kila namna, kuanzia Mbamba Bay mpaka Masasi, lakini mzigo ulionitoa jasho kuliko yote niliubeba hapa hapa Songea, kutoka Mfaranyaki kwenda Mjimwema. Niliufunga kwenye keria ya baiskeli, ndani ya kiroba chenye matundu ya kupumulia, nao ukapiga kelele njia nzima.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yamejaa vitu, mifuko ya watu mitupu. Mama Kunegunda, mjane wa Mfaranyaki, alikuwa anaongoza kikundi cha wanawake wasio na kitu. Utaratibu wao ulikuwa huu: unapewa mtoto wa nguruwe jike, unamlea, akizaa unatoa wawili kwa mwenzako anayefuata. Wanaobaki ni mtaji wako. Nimewaona wanawake waliokuwa wakiomba chumvi kwa jirani wakifika mahali pa kushona sare za watoto wao. Kazi yangu mimi ilikuwa kusafirisha hao nguruwe wadogo.

Basi nikapiga hodi Mjimwema kwa Mama Sabra, aliyefuata kwenye zamu. Akatoka mwanamke kijana, amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mama Kunegunda kanituma. Zamu yako imefika."

Uso ukamng'aa. Hapo hapo kiroba kikalia.

"Babu, nini hicho?"

"Mtaji wako."

"Astaghfirullahi! Mimi ni Biasha binti Daimu, kwetu Tunduru! Na mwenye nyumba wangu ndiye anayeswalisha hapa mtaani. Kiondoe kabla hajatoka msikitini!"

Nilicheka. Kisha nikaona analia, nikaacha.

Mume alikuwa amemtelekeza na mtoto wao, Sabra. Kaka yake, Ibra, ametuma salamu kwamba anakuja kumchukua, kule nyumbani kuna mzee wa mikorosho anatafuta mke wa nne.

"Nikiwa na kazi ya mikono yangu, Ibra atapata wapi neno?" aliniambia. "Nilijiunga nikidhani wanagawa na kuku."

Tukarudi wote Mfaranyaki, yeye akitembea mbali na baiskeli. Mama Kunegunda aliposikia alijipiga paji la uso.

"Mungu wangu! Niliwaza njaa yake tu. Dini yake sikuiwaza kabisa."

Wanawake wengine walikuwepo uani. Suzana, mwenye ulimi wa pilipili, akasema, "Anayekataa zamu anarudi mwisho wa foleni. Sheria ni sheria."

Mwisho wa foleni maana yake ilikuwa mwakani, na Ibra alikuwa anakuja mwezi ule ule. Biasha akalitazama banda la nguruwe kwa mbali.

"Dada zangu, hawa wanakula nini?"

"Pumba," akajibu Mama Kunegunda. "Na tunazihangaikia! Ukifika mashineni, mwenzako kaishawahi."

"Basi nipeni magunia matupu. Nitashinda mashineni, nitakusanya, mtanunua kwangu."

Suzana akashika kiuno. "Mwislamu ulishe nguruwe?"

"Mimi nauza pumba, mama. Anayezila ni kuku au ni huyo mdudu wako, hilo liko kwako na banda lako."

Uani pakawaka kicheko, na Suzana mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Siku ile ile Mama Kunegunda alimpa magunia, akaenda naye kwa Egidi mwenye mashine, akamdhamini kwa mdomo wake: huyu atakufagilia kila siku, wewe mwachie pumba.

Ibra alipofika mashineni, alimpita dada yake bila kumtambua, alivyokuwa mweupe kwa unga. Foleni ya akina mama wanaonunua pumba ilikuwa imefika barabarani.

"Biasha! Kusanya vitu, gari linaondoka."

"Shika kwanza mdomo wa gunia, zinamwagika."

Akashika. Likaja la pili, akashika.

"Mpagazi huyu umemtoa wapi?" Suzana akauliza. "Ana nguvu kama fahali."

"Ni kaka yangu. Amekuja kunichukua."

Suzana akatua debe lake chini. "Amchukue ampeleke wapi? Huyu ni wetu."

"Mwanangu," Mama Kunegunda akamwambia Ibra, taratibu, "ukimchukua, tuachie mwingine wa kufika hapa alfajiri kila siku. Unaye?"

Ibra akajitazama suruali iliyojaa pumba, akamtazama dada yake.

"Na yule mzee nimwambie nini?"

"Mwambie nina kazi."

Nilimpeleka stendi mimi, peke yake. Tulipoyaona magari, akanigeukia.

"Babu, Mwenyezi Mungu awalipe wale akina mama. Marehemu baba alikufa roho yake iko kwa Biasha."

Nikaitikia amina. Nikaongeza na ya kwangu kimoyomoyo, maana tangu binti yule aanze kuuza pumba, baiskeli yangu haijakosa mzigo, na kila mchana ananiwekea ugali.