Poire ya Mama Chama

Mama mkwe wangu anamwamini Mungu na anaiamini poire, na siku nyingine sijui kipi kinatangulia. Poire ni kile kipira chekundu chenye mdomo mrefu, cha kumsafishia mtu tumbo kwa nyuma. Mtoto akilia, poire. Chama, mume wangu, akirudi kutoka Kilwa ya ziwani na lori lake la samaki akilalamika mgongo, poire. Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini mbele ya kipira kile huwa naufyata.

Asubuhi moja ya Jumanne nilikuwa uani kwetu, mtaa wa Bel-Air, nachagua samaki wakavu wa kuuza, wazima huku, waliovunjika kule. Tumbo likanikaza chini ya kitovu. Likaachia. Likakaza tena, kama mtu anayekamua nguo. Nilikuwa na mimba ya wiki saba na siku kadhaa. Aliyejua ni Chama peke yake, naye alikuwa njiani, mahali ambapo simu haishiki.

Usinilaumu kwa kuficha. Kabla ya harusi, Mama Chama mwenyewe alinikalisha mkekani akanifundisha: mimba changa haitajwi, tumbo litajitangaza lenyewe, na mpaka siku hiyo hata mama mkwe haambiwi. Nikatii. Mwaka jana nilitii vilevile. Tumbo likauma, sikusema kwa nini, naye akanitia poire mara mbili. Baada ya siku nne damu ikatoka, na mimba ikaenda nayo. Nilimwambia ni hedhi mbaya, règles tu. Nililia bafuni huku nikimwaga maji kwa kopo ili asisikie.

Sasa akaniona nimeinama juu ya samaki.

“Gracia, ni nini?”

“Hapana kitu, Mama. Ni mugongo tu.”

“Mugongo iko mbele? Ni tumbo inakuluma. Ni ile maharagi ya jana. Ngoja.”

Akaingia jikoni. Nikasikia akipuliza makaa, kisha ikanijia harufu ya ile mizizi yake michungu. Wanawake wa kwetu wote wanaijua: inasukuma kila kilichomo tumboni, na mwenye mimba haigusi. Mama Chama angejua, asingeisogeza hata karibu yangu. Lakini hakujua, na aliyemnyima kujua ni mimi.

Nikajaribu ujanja. Nikasema nimepona, tumbo likanikunja mbele ya macho yake. Nikasema nitakunywa chai.

“Chai itasukuma nini?” akacheka.

Akatandika mkeka chumbani, amekunja mikono ya blauzi kama mtu anayekwenda kuchinja kuku. Niliogopa sana. Nikisema, midomo ya watu ingeila mimba yangu. Nikinyamaza, nilishajua kitakachofuata. Kisha hasira ikanipanda. Nilimkasirikia yeye na mkeka wake, na zaidi nilijikasirikia mimi niliyelala pale mara mbili mwaka jana, kimya kama kondoo.

“Mama, weka ile kintu chini. Niko na mimba.”

Poire ikamwinamia mkononi. Maji ya dawa yakamdondokea miguuni.

“Ya myezi ngapi?”

“Mbili inakaribia.”

“Damu iko?”

“Hapana.”

Akaenda kumwaga sufuria nzima chooni, akajifunga kitenge cha kutokea, akasimamisha taksi. Njia yote mpaka kituo cha afya alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, akifika mwisho anaanza upya.

Muuguzi aliyetupokea anaitwa Dorcelle, mtu wa Butembo, mpole lakini hana mchezo. Akauliza kama maumivu yako upande mmoja tu, kama nina kizunguzungu au homa, kama mkojo unaniunguza. Hapana, hapana, hapana. Wakanilaza kwenye echo, ile mashine ya kuonyesha mtoto tumboni. Kwenye kioo kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya haragwe, na ndani yake kitu kinadundadunda.

“Iko muzima,” akasema Dorcelle. “Kizazi iko inapanuka, njo maana inavuta. Bamama wengi banapataka ile. Lakini ukiona damu, ao maumivu ikazidi upande moja, ao ukasikia kizunguzungu, kuja mbio. Na hizi dawa za kusafisha tumbo, hapana!”

Nilishusha pumzi. Mama Chama hakushusha yake. Tulipotoka alikaa kwenye benchi la uani, akanivuta nikae.

“Mwaka yenye ilipita, nilikutia poire mara mbili. Kisha ukalala juma muzima. Ilikuwa règles?”

Uongo nilikuwa nao tayari, nimeishi nao mwaka mzima. Nikamtazama usoni, nikaona tayari anajua.

“Haikuwa règles, Mama.”

Nikaharakisha kusema kwamba mimba nyingi changa hutoka zenyewe, kwamba hakuna mtu anayeweza kusema ni poire. Na ni kweli, hakuna. Akainua mkono ninyamaze.

“Alikuwa mujukulu yangu. Mwaka muzima niko nacheka, niko naimba, mu nyumba yenye iko na kilio. Na ni mimi nilikufundisha kunyamaza.”

Kisha akalia. Hakulia kwa kujificha. Alilia jinsi wanavyolia mama zetu msibani, mikono kichwani, sauti ikifika barabarani. Wagonjwa kwenye foleni wakageuka. Mama mmoja akaja mbio, amemshika mtoto mgongoni.

“Nani alikufa?”

Nilifungua mdomo niseme hakuna mtu. Mama Chama akanitangulia.

“Mujukulu yetu. Ni mwaka ilishapita. Leo njo tunamulilia.”

Yule mama alikaa upande wangu wa pili, akanishika bega, na mimi nikalia kwa sauti.