Landrova Iliyopakwa Chokaa

Mama Ogari alikuwa amesema, na Gesima nzima ikasikia: gari la jeshi halitaingia kwake. Mwaka wa hamsini na moja, Ogari, kifungua mimba wake, alipakiwa kwenye Landrova ya jeshi pale sokoni chini, akapelekwa vitani Malaya, huko Asia. Hakurudi.

Sasa ni sitini na sita. Mdogo wake, Nyasani, anaoa Mong'ina wa Nyansiongo, na barabara ya kutoka huko ni tope tupu. Gari la kuliweza lilikuwa moja tu: Landrova ya Ratemo, mjomba wa bi arusi, aliyoinunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago. Kabla ya mzungu ilikuwa ya jeshi. Kijani kile kile, nambari nyeupe mlangoni.

"Akishuka kwenye gari la askari," mama alimwambia Nyasani mbele yetu wapishi, "atarudi nalo huko huko."

Basi Nyasani na Ratemo wakaipaka chokaa iliyobaki tulipopaka kanisa. Siri, eti! Mimi nilimwambia Tryphosa, mpishi mwenzangu, peke yake, na Tryphosa ana mdomo. Asiyejua alikuwa mama tu.

Jumapili ya arusi Nyasani hakutulia. Mara langoni, mara jikoni, mara macho juu.

"Shemeji, keti, utatuchimbia shimo," nikamwambia.

"Nyanchera, umeyaona hayo mawingu?"

Niliyaona. Yeye na Ratemo, watu wazima wawili, wazaliwa wa Gusii, wakapaka chokaa wakasahau mvua ya alasiri!

Ikanyesha. Tukasikia mngurumo mlimani, vigelegele vikaanza, halafu vikakatika kimoja kimoja. Landrova iliingia inachuruzika nyeupe kama ng'ombe aliyemwagiwa maziwa, na mlangoni nambari ya jeshi inameremeta. Ndani, Mong'ina ameshika gauni, hajui ashuke au abaki.

Ratemo alivua kofia. "Mama, imezaliwa jeshini, sikatai. Lakini nyingine yoyote ingelala mtoni."

Mama hakumtazama. Aliizunguka, akafuta chokaa kwa kidole gumba.

"Askari walikuwa wanakaa wapi?"

"Nyuma, mama. Kwenye benchi za pembeni."

Akafungua turubai, akapanda na kitenge chake kipya, akakaa. Akapapasa benchi kwa viganja viwili, kutoka ncha hii hadi ile.

"Mong'ina, mwanangu, njoo nyuma huku." Bi arusi akahama. "Ratemo, tupeleke sokoni."

"Sasa hivi, mama? Na wageni?"

"Mama!" Nyasani alishika mlango. "Ulisema atarudi nalo. Unamrudisha?"

"Nataka hili gari litoke pale sokoni na mtoto wangu, lije hapa," alisema. "Toa mkono."

Landrova ikageuka, ikatelemka. Nyasani akaikimbilia na viatu vyake vya arusi, akadandia nyuma.

"Sasa tunapakua matoke," Tryphosa akaniuliza, "au tunangoja?"

Nitajuaje? Nilikuwa nimeshafika langoni, mwiko mkononi, nasikiliza kama Landrova inapanda.