Toge ya Doyen

Mi sipendi kuharakishwa. Mutaa muzima wa Buyenzi unajua, na wanaonicheka wanasema "kesho ya Shakuru" ni wiki mbili. Basi wacheke! Toge ya avoka, lile joho jeusi wakili analovaa kortini, si kaptula ya mupira. Ina mikunjo mabegani, mikono mipana, vifungo toka shingoni mpaka chini, na mi niko na mikono hii miwili tu.

Doyen Jovithe ndiye aliniletea kazi ya toge. Kabla yake nilikuwa nashona kanzu za Idi na yunifomu za shule. Baba yake alikuwa mwashi, nyumba nyingi za Ngagara ziko na jasho lake ndani. Mutoto akaenda kusoma Ubelgiji, akarudi avoka, akawa profesa, halafu doyen, mukubwa wa kitivo cha sheria. Nusu ya majaji wa Bujumbura walikaa mbele yake na daftari. Na kila avoka mupya alimutuma kwangu: "Nenda kwa Shakuru, lakini nenda mapema."

Mwaka wa 1997, vita ikiwa na mwaka wa ine, akachukua kesi ya Salvator, mwalimu wa shule huko Carama. Walikuwa wanamushitaki kwa mauaji ya 1993, vita ilipoanza. Akishindwa, ni kunyongwa. Salvator alikuwa wa upande ule mwingine wa vita, si wa upande wa Doyen, na siku zile hilo peke yake lilitosha kukuletea barua za vitisho chini ya mulango. Doyen alikuwa anazipata kila wiki. "Makosa ya Kifaransa ni mengi mno," aliniambia, akacheka. Mi sikucheka.

Toge yake ya zamani ilikuwa imepasuka mugongoni. Yeye ni murefu kuliko mulango wangu, Burundi nzima hakuna avoka wa kumuazima. Akaagiza mupya. Kesi ilikuwa Ijumaa.

Jumanne niliimaliza. Ndiyo, mi Shakuru, siku tatu kabla! Niliitundika chumba cha nyuma, nikajipongeza. Ndipo wakaingia vijana wawili. Gari yao haikuwa na namba, na waliiacha inawaka. Mumoja alibaki mulangoni. Mwingine akakaa kwenye kiti cha wateja, shati safi, sauti ya pole.

"Fundi, we ndiye unamushonea Doyen?"

"Namushonea."

"Alinifundisha. Mwalimu muzuri sana. Tunataka vipimo vyake."

Nikamuuliza wanamushonea nini.

"Urefu na mabega tu," akasema. "Si vya kushona. Seremala ndiye anauliza."

Yule wa mulangoni akacheka. Nikaelewa, ni sanduku la maiti. Nilimuambia vipimo siandiki, naweka kichwani, na kichwa kimesahau. Daftari lilikuwa mbele yangu, chini ya mukasi. Aliliangalia, akaniangalia mi, halafu akasimama polepole. "Haidhuru. Tutamungoja Ijumaa akitoka kortini." Akaniaga vizuri, utafikiri ni mutoto wa watu.

Kumuambia Doyen? Kazi bure. Angesema tu, "Shakuru, mi niko na mutu wa kutetea." Lakini bila toge avoka hasimami kortini, yeye mwenyewe ndiye aliniambia. Basi nikaona njia. Nitakuwa Shakuru yule yule wanayemucheka, na kesi itasogezwa mbele. Wallahi, nilijiona mwerevu.

Alhamisi saa kumi akaja, pamoja na Maître Candide, avoka aliyekuwa mwanafunzi wake, binti wa mutaa wa Gasenyi. Mudogo wa mwili, lakini ule mudomo! Toge yake niliishona mi, na alinisumbua siku tatu juu ya kifungo kimoja.

"Shakuru, iko tayari?"

"Bado, Muzee. Kesho."

"Kesho ndiyo kesi!"

"Mikono ya toge ilinikosea, nimeifungua yote. Samehe, Muzee. Kesho jioni."

Akapiga meza ngumi. Sijawahi kumuona hivyo. "Imeahirishwa mara mbili! Mara ya tatu wanamuhukumu bila mutu wa kumusemea. Unajua maana yake? Watamunyonga!"

Apana, hilo sikulijua.

Maître Candide akaweka mukoba chini. "Muzee, mi niko na toge yangu. Dosie ya kesi naijua ukurasa kwa ukurasa. Nitasimama mi."

Doyen alimuangalia sana. Chumba cha nyuma ni hatua tano, na toge ilikuwa inaning'inia pale, imepigwa pasi. Nilikuwa nasema moyoni: wanamutaka yeye, huyu binti hawana shida naye. Nikashika mukasi, nikaendelea kukata kitambaa.

"Sawa," Doyen akasema. "Utasimama we. Mi nitabaki kitivoni na mitihani."

Candide akanichokoza akitoka: "Fundi, asante! Kesho yako imenipa kesi kubwa!"

Ijumaa nilitoka musikitini roho nyepesi. Faridi, makanika jirani yangu, ndiye alinipasha habari. Maître Candide alisema saa mbili nzima, mpaka majaji wakaenda kufikiri. Alipotoka nje, toge bado mwilini, gari isiyo na namba ikasimama. Risasi tatu. Hawakuuliza jina. Walikuwa wanangoja avoka wa Salvator, awe yeyote, na avoka wa Salvator alitoka.

Jumamosi asubuhi Doyen akaja peke yake. "Avoka wakimuzika mwenzao wanavaa toge," akasema. "Mazishi ni saa nane. Hata kama mikono haijakaa vizuri, Shakuru, nipe hivyo hivyo."

Ningeweza kukaa kwenye mashine, nikanyage bure nusu saa, nimudanganye tena. Nilishindwa. Niliileta. Akapitisha vidole kwenye mishono, akafuta vumbi begani. Maisha yake yote alikuwa anahoji mashahidi.

"Iliisha lini?"

"Jumanne."

Nikamuambia yote, gari, vipimo, seremala. Nililia mbele yake bila haya. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, afadhali angenipiga!

"Mwaka wa kwanza kabisa nawafundisha wanafunzi hivi," akasema. "Mutu haumutetei bila kumuuliza. Ungeniuliza, Shakuru."

Akaivaa. Vifungo vikamushinda. Nikapiga magoti, nikavifunga kimoja kimoja, toka chini mpaka shingoni. Ilimukaa sawasawa.