Mji Uliopashwa Moto na Wasichana

Bosi aliutua mswada juu ya meza ya mhariri kama mtu anayetua mzigo wa kuni. "Dunia aliyoiumba huyu binti ni ya ajabu," alisema. "Ila hasira imezidi. Shujaa wake anafoka tangu mwanzo hadi mwisho. Mpunguzie makali, wasomaji wenyewe ni vijana."

Mhariri alikuwa amekata miswada mingi maishani, na mkono wake haukujua huruma. Akavuta kiti, akashika kalamu nyekundu.

Ilikuwa riwaya ya sayari isiyo na jua, barafu tupu, yenye mji mmoja tu wenye joto. Joto lilipita kwenye mabomba chini ya sakafu. Mboga zikaota, watoto wachanga wakaogeshwa maji ya vuguvugu. Kila msichana akivunja ungo alivishwa mkufu mwembamba wa chuma shingoni, akapigiwa vigelegele, akaambiwa ni pambo. Shujaa alikuwa fundi wa mabomba, msichana ambaye mji mzima ulimwita Kaa la Moto.

Mhariri alikata ugomvi wake na mjomba. Akakata siku alipomjia juu hakimu. Alikata kama mtu anayepogoa ua, hadi alipofika pale Kaa la Moto anapotambaa ndani ya bomba kuu kutafuta joto linakotoka. Halikutoka ardhini. Lilitoka kwenye mikufu. Kila msichana alipomeza neno lake, mkufu ulifyonza ule moto wa kooni na kuupeleka mjini.

Kalamu ilimponyoka. Alirudi nyuma mbio mbio kusoma vifungu alivyovikata. Kumbe! Pale Kaa la Moto hatimaye alipofunga mdomo mbele ya mjomba, kwenye mstari uliofuata sufuria ya mjomba ilichemka. Alipomeza jibu lake la mwisho kwa hakimu, dirisha la hakimu lilitiririka mvuke. Hakuna ugomvi uliokuwa wa bure. Ile hasira ndiyo iliyokuwa kuni, na yeye, kwa kalamu yake, alikuwa ameuzima mji mzima. Alikaa pale akiyatazama makaratasi kama mtu aliyefungua kabati la bibi yake akakuta ndani yake kuna mbingu.

Alimwita mtunzi. Kesho yake akaingia msichana wa miaka kumi na sita, sare ya shule, soksi moja imeshuka, akiongozana na bibi yake.

"Shikamoo, mama," mhariri alimwamkia bibi.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mke mwenzangu kafanya nini tena?"

"Hajafanya kosa. Nataka tu kujua haya mambo ameyatoa wapi."

Msichana aliangalia viatu vyake. "Nilitengeneza mtambo wa kuchemshia maji kwa mashindano ya shule. Mwalimu akampa mvulana aueleze jukwaani, eti ana sauti nzuri. Mimi nikaambiwa nishike waya, nitabasamu."

"Ukatabasamu?"

"Mpaka mashavu yakaniuma. Walipewa kombe, nikapiga makofi. Lakini hapa," akagusa koo, "palikuwa panaungua. Nikajiuliza, huu moto wote nikiumeza, unakwenda wapi? Lazima kuna mtu anauota."

Bibi, aliyeingia na utani mdomoni, alimtazama mjukuu wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, akasema polepole, "Sisi tumewapasha moto wengi, mjukuu wangu."

Mhariri alimfuata bosi, akamrushia mswada mezani. "Chagua mwenyewe pa kukata. Popote. Lakini usome kwanza."

Bosi alifunga mlango. Chakula cha mchana kikapita, chai ikapoa. Alipotoka, miwani alikuwa ameisukuma juu ya paji la uso, na mzaha wake wa kila siku umemkimbia. Hakuenda kwa mhariri, alikwenda moja kwa moja kwa msichana, aliyekuwa bado anangoja na bibi yake.

"Sikukata kitu," alisema. "Ila niambie. Pale mwishoni, wasichana wanapoivua ile mikufu wote kwa pamoja, wakapiga ule ukelele, na mabomba yakapoa... wale wanaume mjini wataota nini?"

Msichana alimkazia macho. Hakutabasamu.

"Watajifunza kukoka moto wao."

Bibi aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Bosi naye akacheka, kidogo, kisha akaacha na kubaki amesimama, mkono nyuma ya shingo yake. Mhariri alikuwa ameshasahau kwamba ana kazi nyingine. Alimvutia yule msichana kiti, akamkalisha karibu naye, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeomba hadithi, "Na ukelele wenyewe, ulisikika mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye sayari nyingine," msichana akasema. "Huko nako kulikuwa na mikufu."